Hisa Elfu Moja Zilizoonekana

Kuna siku moja ya soko hapa Busia ambayo naikumbuka kila ninapofungua kompyuta. Mwanangu, umeniuliza namna ya kuuza hisa nyingi bila soko kujua wingi wake. Nitakufundisha, lakini siku hiyo itatangulia.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilikuwa na duka hili hili la vipuri vya baiskeli, upande wa Kenya, na faida yangu niliitia katika hisa za kampuni moja kwenye soko la Nairobi. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa vitabu vya mitumba, penseli mkononi, nikipiga mistari na kuandika pembeni. Nilichokijua nilimpa Owori, mkulima wa Mukuju, upande wa Uganda, rafiki niliyempenda kuliko wote. Kila siku ya soko alivuka mpaka, akaketi nami mbele ya kompyuta. Nilimwonyesha jedwali la soko: kushoto wanaotaka kununua, kulia wanaotaka kuuza, pamoja na idadi ya hisa zao. Nilimsisitizia asome kulia kwanza, kwa sababu wauzaji wakijaa, bei iko karibu kuanguka. Akaniita Mwalimu, nami nikalipenda jina hilo.

Mwaka ule nilisoma taarifa ya kampuni nikaona madeni yake yanakua upesi kuliko mapato. Nikaamua kutoka. Nilikuwa na hisa elfu sitini, na wanunuzi wa kampuni ile walikuwa wachache. Ningeziweka zote wazi, wangekimbia. Kitabu kimoja kilieleza njia: unamwagiza dalali aonyeshe hisa elfu moja tu, zikinunuliwa, elfu nyingine inajitokeza, mpaka zote ziishe. Ni njia halali, inaruhusiwa. Nikaagiza hivyo.

Zilikuwa zimebaki elfu ishirini Owori alipoingia dukani akicheka.

"Mwalimu, leo nanunua. Ng'ombe yangu nne nimeuza."

"Wale wa kulima?"

"Hao hao. Mvua bado. Hisa ikipanda, mimi narudi Mukuju na trakta, wewe utaniita mheshimiwa!"

Akavuta kiti, akasoma kulia kama nilivyomfundisha. "Ona, inauzwa elfu moja tu. Hii watu hawana haraka ya kutoka. Nasema uongo?"

"Umesoma vizuri," nikamjibu.

Na kweli alisoma vizuri. Hisa zile elfu moja alizoziona zilikuwa zangu.

Akaagiza elfu saba, akitarajia kupata elfu moja kisha asubiri. Zote saba zikaja mara moja, kwa bei ile ile, na kulia bado palisimama elfu moja.

"Eh! Nimekula saba na sahani bado imejaa. Hii ingine imetoka wapi?"

Mwanangu, hapo ndipo ningeweza kuokoka. Ningemwambia hata wakati ule, ningemtafutia njia ya kutoka pamoja nami. Lakini nilihesabu kwamba zimebaki elfu kumi na tatu, na kwamba akijua yeye, jioni Mukuju nzima itajua, na wanunuzi watakimbia.

"Labda wauzaji wengine wameingia," nikasema.

Wiki mbili baadaye, zangu zikiwa zimekwisha kuuzwa, habari za madeni zilienea. Bei ikaanguka, upande wa kushoto ukabaki mtupu. Owori hakunilaumu. "Soko ni soko, Mwalimu," alisema, akaniomba kitabu akasome ajue alikosea wapi. Nilimpa kile kile chenye njia ile, bila kufikiri.

Alikirudisha siku ya soko iliyofuata. Alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa unaoeleza njia ile ya kuonyesha elfu moja tu. Pembeni, kwa penseli, palikuwa na jina la kampuni ile, na chini yake: "Zangu 60,000. Onyesha 1,000."

"Hii mwandiko ni ya nani?"

"Wangu," nikasema.

"Nilikuuliza imetoka wapi. Ulikuwa umekaa hapa. Goti yako ilikuwa inagusa yangu."

Nikamwambia nitamnunulia ng'ombe wengine wanne, siku hiyo hiyo.

"Ng'ombe nitapata," alisema. "Kaa na pesa yako." Akakiacha kitabu juu ya meza, kikiwa wazi.

Nilikwenda kujitetea kwa jirani yangu Mzee Hamisi, mwenye lori la nafaka. Nilimweleza kwamba sheria inaruhusu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi pia tunaficha, kijana. Nikienda mashambani Sikuda kutafuta magunia mia, nasema kumi. Mkulima naye ananificha ghala lake. Hapo tuko sawa. Lakini Owori alikuwa mwanafunzi wako, na alikuuliza kwa mdomo. Sasa wewe sheria unaniletea mimi ya nini?"

Mvua zilipoanza nilipita Mukuju nikielekea Tororo. Owori, mkewe na watoto wao walikuwa wakilima kwa jembe shamba lililozoea plau ya ng'ombe. Aliinuka, akaniona, akainama tena. Mpaka leo, gurudumu la baiskeli yake likiharibika, hulibeba begani, akapita mlango wangu kwenda duka la mbele. Kitabu ninacho. Maandishi yale sijayafuta.

Basi shika hili. Wageni wa sokoni hudai bei uliyotaja, hawadai siri yako. Wafiche wingi wa hisa zako ukitaka. Lakini anayekuamini akikuuliza, mwambie, "Mimi nauza, usinunue," hata ukipata hasara. Kama huwezi kumwambia, basi ondoa hisa zako sokoni kabla hajanunua. Na usimfundishe mtu kusoma jedwali ambalo wewe mwenyewe umelipanga limdanganye.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe biashara isiyokulazimisha kumkwepa rafiki macho, na awape rafiki zako sababu ya kuingia mlangoni mwako mpaka uzeeni.