Aliyekuwapo Kabla ya Uwanja

Kwa miaka arobaini na minne Orpha Kessler hakukaa nyumbani kwake Jumamosi hata moja ya kiangazi. Injini za kwanza zilipoanza kunguruma ng'ambo ya shamba la mahindi, yeye alikuwa keshawasha pikapu yake na kuondoka. Hakuwa na pa kwenda. Alizunguka kaunti, akanunua aiskrimu asiyoitamani, akaegesha makaburini, akaondoka tena.

Nyumba aliachiwa na baba yake mwaka 1975. Uwanja wa mbio za magari ulifunguliwa 1979, na mzee Hadley, mwenye uwanja, hakumuuliza jirani yeyote. Vumbi likawa linatua juu ya nguo alizoanika, na vioo vya madirisha vikitetemeka.

Kisha wakaja wageni. Prentiss Vogel, daktari wa meno mstaafu kutoka mjini, alijenga ghorofa jirani na uwanja, na mwaka haukuisha kabla hajamshitaki Royce Hadley, mwana wa yule mzee na mrithi wa uwanja, kwa kero ya kelele. Wenye viwanja jimboni kote wakashtuka, wakapeleka mswada bungeni: anayenunua ardhi kando ya uwanja uliokuwapo tayari asiweze kuushitaki kwa kelele wala vumbi.

Hapo ndipo mlango wa Orpha ulipoanza kugongwa. Vogel alitaka jina lake liongoze kesi. Royce alitaka aende bungeni akaseme mswada ni wa haki. Kila mmoja alimletea pai ya tufaha. Alikula zote mbili asimjibu yeyote, lakini usingizi ukamkimbia. Alipanga makabati, akayapangua.

Alikwenda bungeni kimyakimya, peke yake. Alipewa dakika tatu. Alisimama mbele ya kamati ameshika hati ya nyumba.

"Mnasema aliyetangulia alindwe," alisema. "Sawa. Mimi nilitangulia. Sasa kwenye karatasi yenu hiyo, mimi niko wapi?"

Mbunge mmoja aliandika kitu. Mswada ulipita mwezi wa nne, umeongezwa mstari mmoja: sheria hii haimzuii mtu aliyemiliki ardhi yake kabla ya uwanja kuanza. Kesi ya Vogel ikatupwa. Katika kaunti nzima akabaki Orpha tu mwenye haki ya kushitaki.

Ungedhani angetulia. Haki ile ilimwasha kama upupu. Vogel alimpigia simu kila asubuhi kumwambia ni dhambi kuikalia. Kanisani wengine walimkwepa, kwa kuwa vijana wao walikimbiza magari pale. Aliandika mashitaka, akachana, akaandika tena.

Jumanne moja aliingia ofisini kwa Royce, akakataa kiti, akawa anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Nikushitaki, nisikushitaki?"

Royce alivua kofia. "Bi Orpha, ukinishitaki nafunga. Sikudanganyi."

"Sitaki ufunge. Nataka saa tatu na nusu usiku injini zizimwe. Njia ya magari imwagiwe maji kabla ya mbio, si baada. Na Jumamosi moja kila kiangazi iwe kimya."

"Jumamosi nzima? Bi Orpha, hiyo..."

"Royce. Miaka arobaini na minne."

Walitia sahihi siku hiyohiyo mbele ya wakili: Royce atimize hayo matatu, Orpha asimshitaki. Tangu hapo Vogel hamsalimu.

Haki yenyewe hairithiwi. Itazikwa na Orpha. Majira ya baridi yaliyopita alikohoa ibadani, na Royce, aliyekuwa benchi la nyuma, akainama kumuuliza kama ana homa.

"Unanihesabia siku?"

"Kidogo," Royce akakiri.

Orpha alicheka mpaka mchungaji akanyamaza.

Mkataba unashikwa. Injini zikipitisha muda kwa dakika kumi anapiga simu, na injini zinazimwa. Hata hivyo, ukimtembelea hukai naye kwa utulivu. Katikati ya chai atainuka na kukuuliza, uwe unazijua sheria au huzijui, kama aliiuza haki yake kwa bei rahisi mno. Na kabla hujamjibu, keshakwenda jikoni kufuta meza iliyo safi.