Chini ya Bendi ya Tarumbeta

Dada yangu hugawa vyumba pale chuo kikuu, na kwa kazi hiyo wamempachika jina la Mama Ratiba. Wanaojifunza lugha za kigeni, wanaosoma nyota, wacheza dansi, wanakwaya, wafinyanzi, wanamdahalo, wote hupita mezani kwake kuomba mahali. Ni mpole, hamzungushi mtu. Ila ukimgusa mwanawe, umeyatafuta.

Mhadhiri wa maigizo aliyatafuta. Binti wa dada alikwenda kufanyiwa majaribio ya kuigiza, na yule bwana akamkatiza mbele ya darasa zima: "Sauti hiyo, binti, kafukuzie ndege shambani." Darasa likaangua kicheko. Mtoto alirudi nyumbani macho yamevimba. Baadaye akajiandikisha uchoraji, akasema yamekwisha. Yake, labda; ya mama yake bado.

"Mwonyeshe cha mtema kuni," nilimwambia dada.

"Tulia, huyo niachie mimi."

Muhula ulipoanza, waigizaji walipewa chumba cha chini. Juu yao bendi ya tarumbeta, ubavuni wachongaji na nyundo zao. Mhadhiri akalalamika, akahamishwa, safari hii ukuta kwa ukuta na kwaya. Onyesho likiwa limekaribia, akaja ofisini jasho linamtoka.

"Mama, kule hatusikilizani hata kidogo!"

"Pole, mwalimu. Chuo chetu kimejaliwa mambo mengi, na kila mtu anataka chumba."

Jioni dada alinisimulia huku akijishika mbavu. Nilifurahi, sifichi. Ningekuwa mimi, ningemnyima hata viti.

Wiki hiyohiyo binti alikaa kula nasi, sauti imemkauka kabisa. Mama yake akamuuliza kama ni mafua.

"Si mafua, Mama. Nilirudia majaribio kimyakimya, nikachukuliwa. Nina sehemu kubwa. Nilitaka wewe na Mama Mdogo mje mnione siku ya onyesho tu. Lakini napiga kelele kila siku na bado sisikiki. Mwalimu anasema ikiendelea hivi sehemu yangu atampa mwingine. Kuna mtu huko ofisini kwenu anatuchukia, Mama. Humjui?"

Dada akainamia sahani yake. Mimi nikainuka kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Asubuhi waigizaji walipewa ukumbi mkubwa, peke yao, mpaka siku ya onyesho. Mhadhiri akaja mwenyewe kushukuru. Alimshika dada mikono yote miwili, akamwita mtu mwenye roho safi mbele ya ofisi nzima, na dada ikambidi atabasamu.

Alirudi nyumbani akatupa mkoba, akalia kwa hasira. "Nilikuwa nimeshamkaba," akaniambia. "Mimi mwenyewe nimemwachia, na bado namchukia."

Nikamwambia hata mimi, tena sana. Tukakaa jikoni tukimtukana yule bwana kwa kunong'ona, maana chumba cha pili binti alikuwa akifanya mazoezi ya sehemu yake.