Dume la Ua la Kitunguu

Kwenye maabara ya wadudu walimwita Mama Vioo, kwa kuwa kwa miaka kumi na saba alikuwa akiwalaza thripsi juu ya vipande vya kioo: vidudu vyembamba kama uzi, ambavyo mkulima huvidhania vumbi linalotembea kwenye maua. Kumnyoosha mmoja mabawa bila kumvunja kulimchukua asubuhi nzima. Daktari, mtafiti mwandishi wa makala za sayansi, hakuwa ameshika sindano ya kuwanyooshea tangu apewe ofisi yenye zulia.

Siku hiyo Daktari aliingia kifua mbele. Amepata spishi mpya kwenye kioo kimoja cha Mama Vioo! Miongoni mwa wanasayansi ni aibu mtu kumpa mdudu jina lake mwenyewe, hivyo angempa la Mkurugenzi, ambaye mwezi ujao angegawa vyeo. Heshima kubwa hiyo, jina lako kubebwa na kiumbe asiyefikia punje ya mchele.

"Huyo si mpya, Daktari," Mama Vioo alisema. "Ni dume la yule wa manjano aliyepewa jina zamani. Madume yao ni wadogo, wamepauka. Nilimtoa kwenye ua moja la kitunguu pamoja na majike. Lebo ya kioo inasema."

"Lebo ni karatasi tu, mama yangu. Andika nyingine. Sema alitoka shamba jingine."

"Siandiki."

"Makubwa! Wewe shughulika na vioo, majina tuachie wenyewe."

Hakuna makala hata moja iliyomtaja Mama Vioo. Alichokuwa nacho ni mwandiko wake kwenye lebo elfu nne, ambazo wageni wa miaka mia ijayo wangeziamini bila kumjua. Akidanganya moja, zote zingetiliwa shaka.

"Basi itoe mwenyewe," alisema.

Daktari akakunja mikono ya shati, akachukua wembe, akakwangua lebo kwa nguvu za mtu anayeparua samaki. Kioo kikasema ta! Kikakatika katikati, palepale alipolala mheshimiwa. Wakainama wote wawili kwenye hadubini. Palikuwa na mguu mmoja na nusu ya bawa.

Daktari akajifuta jasho. Sauti yake ilikuwa imepungua kimo.

"Dada, wengine unao?"

"Ninao kumi na mmoja," alisema Mama Vioo, akimsogezea chupa. "Ila hawa watakusumbua zaidi. Niliwakamata wamewapanda wake zao, wale wa manjano."