Chuo Kilichotafuta Vichwa

Wasomaji wangu, niliwahi kuamini, kwa moyo wote na kwa cheti changu cha shule ya usiku, kwamba kuna chuo kikuu hapa Dubai kinanunua vichwa vya watu. Mlinzi mmoja Mganda ndiye aliyeninong'oneza kwenye foleni ya chakula, bandarini Jebel Ali: wanachukua kichwa, wanavuta mishipa ya fahamu kama nyaya, wanaiunganisha na kreni, kreni inapakua makontena yenyewe. Niliacha wali wangu, mimi ambaye sijaacha wali tangu niote meno. Nimeyakumbuka haya kwa sababu Jumanne tulipata habari kwamba fundi wetu wa mitambo ya baridi, Mmombasa niliyemsimamia kazini na kuishi naye chumba kimoja Karama, moyo wake umesimama.

Chumba chetu kilikuwa na watu wanane na kiyoyozi kimoja. Vita vya kukigombea vilitosha kumaliza majeshi. Marehemu akatengeneza kidude cha kukiongoza, kikubwa kama kiberiti. Nikamuuliza kinapima joto? "Joto kinapima, bosi, lakini kinawasoma nyinyi. Kila mtu akiinuka kukibonyeza, kinajua kimekosea. Kesho hakirudii." Baada ya wiki mbili hakuna aliyeinuka. Alisema kinaiga mishipa ya fahamu. Mimi nikahamisha mto wangu mbali na ukuta kilipobandikwa.

Basi siku aliponionyesha tangazo la chuo, nafasi ya utafiti, mishipa ya fahamu na uongozaji wa mitambo, jasho lilinitoka ndoo nzima. Walitaka barua ya msimamizi aliyemwona akifanya kazi. "Niandikie, bosi. Wewe tu ndiye unayekijua kile kidude." Nikasema inshallah kesho. Kesho yake nikasema inshallah Alhamisi. Nyote mnaoishi huku mnajua inshallah ya aina ile ina maana gani. Nilijiona ninamwokoa shingo. Tarehe ilipopita alisema tu, "Khalas, bosi, yameisha, yalla kazini," akacheka. Kicheko kile mpaka leo sijakielewa. Alinisamehe? Alidhani namwonea wivu? Alirudi kuziba mabomba ya maghala ya samaki, na mimi nikajipongeza kwa kuwa kichwa chake bado kipo mabegani.

Husemwa kuuliza si ujinga, nami nilisoma usiku miaka minne nisiwe mjinga, lakini sikuuliza. Huku mijini tunamsikiliza mtu wa kwenye foleni kuliko aliye kitanda cha pili, kisha tunaita woga wetu huruma. Kama kuna funzo, ni hilo, na limenifika nikiwa nimechelewa.

Maana juzi, kwenye tanga, nilimweleza dadake, anayefanya kazi za ndani kwa madam mmoja Jumeirah, kwa nini sikuandika. Alinigeukia. Sijui alitaka kucheka au kunipiga.

"Maneno ya vichwa aliyasema kakangu mwenyewe, pale kwenye foleni, kwa furaha: chuo kinatafuta vichwa; mlinzi wako akayasikia vibaya. Kichwa ni mtu mwenye akili. Walitaka mtu wa kuifundisha kompyuta kuongoza mitambo, kama alivyofanya kwa kiyoyozi chenu. Hakuna aliyetaka kumkata. Walitaka barua yako tu."