Bamba la Pajani

Watu husema sisi Wameru hasira zetu ziko karibu. Zangu ziko karibu kweli, lakini shaka yangu ndiyo hufika kwanza. Nikinunua nyanya sokoni nazigeuza zote mpaka za chini kabisa, na mume wangu akisema amekula kwa dada yake, nasubiri nione kama ataomba chai. Nimefanya kazi miaka mingi kama mhudumu wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja mjini Meru, jina lake nitaliacha, na muda wote huo niliamini kwamba shaka yangu ndiyo inayowalinda wagonjwa. Hata nilijisifu nayo.

Kazi yetu haionekani. Mhudumu ndiye anayemsukuma mgonjwa mpaka ndani, anamlaza vizuri mezani, anaunganisha mashine, na baadaye anaosha vyombo na kuvifunga kwa ajili ya mtambo wa mvuke. Kati ya mashine hizo kuna dayathemi, inayotumia umeme kukata nyama na kukausha mishipa inayovuja damu. Umeme huo ukiingia mwilini lazima upate pa kutokea, na njia yake ni bamba jembamba lenye gundi, la ukubwa wa kiganja, tunalolibandika pajani. Likishika lote, hakuna kinachotokea. Likishika nusu, umeme unabanana mahali padogo na ngozi inaungua, na mgonjwa amepigwa ganzi, hawezi kukuambia.

Zamu ya mchana tulikuwa wawili, mimi na mwanamume mmoja wa Kianjokoma, kule Embu. Alikuwa wa mkataba, na mkataba wenyewe ulikuwa umebakisha wiki chache. Alikuwa mpole. Ukimkaripia anasema sawa, ukimsifu anasema sawa. Mimi mtu asiyegombana simwelewi, nahisi ameweka kitu mahali.

Siku moja tuliletewa mama kutoka Timau wa kujifungua kwa upasuaji. Mwenzangu akambandika bamba, mimi nikakaa upande wa mashine. Mtoto alitoka salama, analia vizuri. Daktari alipoanza kuzuia damu akalalamika kwamba mashine imelegea. "Ongeza kidogo," akasema. Nikaongeza. Baada ya muda mfupi akasema tena, nami nikaongeza tena. Tulipolibandua bamba mwishoni tukakuta ngozi imeungua, alama ya ukubwa wa kifuniko cha soda, nyeupe katikati na nyekundu pembeni.

Sista msimamizi wa chumba chetu alitaka kila mmoja aandike maelezo. Mwenzangu aliandika mistari mitano. Mimi niliandika ukurasa mmoja na nusu, nikataja mara tatu kwamba bamba sikulibandika mimi.

Kisha nikaanza kumchunguza. Saa ya chakula hakuja nasi kantini, alikuwa anaelekea wodi ya akina mama. Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Nilipita mlangoni nikamwona ameinama kando ya kitanda cha yule mama, anaongea polepole naye na mama mkwe wake. Nikajua anawabembeleza wasilalamike. Siku ya nne nikakuta kabati lake halijafungwa vizuri, na ndani, kwenye mfuko wa plastiki, kuna bamba lililokwisha kutumika.

Moyo wangu uliruka kwa furaha, sitaki kudanganya. Bamba lile hutumika mara moja na kutupwa, kwa sababu gundi yake ikishabanduliwa haishiki tena. Kwa hesabu yangu, mtu anayeficha bamba la zamani analibandika kwa mgonjwa mwingine. Nililipeleka kwa sista, akaliona akiwa anaongea kwenye simu, akatikisa kichwa. Halafu nikalitupa mwenyewe kwenye pipa la taka za hospitali, kwa kuwa kitu kilichogusa mgonjwa hakikai kabatini. Hapo pia nilijiona hodari.

Kikao kilifanyika ofisini kwa sista, daktari akiwepo. Mwenzangu aliongea kwa sauti yake ile ya chini.

"Sista, hiyo bamba nilikuwa nimeiweka nikuonyeshe. Ilikuwa na mafuta. Nimeuliza kule wodi, mama mkwe alikuwa amempaka ile mafuta ya kukamulia, mguu yote, wakiwa bado wanangoja."

Mafuta ya kukamulia ni yale mazito ya kopo, ya kupaka chuchu za ng'ombe. Huku kwetu ng'ombe wanayapata kidogo, mengine tunajipaka sisi, na Timau kwenye baridi ile hakuna kinachoyashinda. Tena hakuna familia inayompeleka mtu wake hospitalini miguu imepauka. Utasemwa kwamba mgonjwa hana watu. Kwa hiyo anaogeshwa nyumbani, anapakwa mpaka anang'aa, na wodini wakimwambia aoge tena, anaoga na kupakwa upya. Hayo yote niliyajua vizuri, hata mama yangu mzazi nilimleta hospitalini aking'aa.

"Kwa hivyo sasa mwenye makosa ni mgonjwa?" nikadakia. "Amejipaka mafuta akajichoma?"

Daktari alicheka. Sista naye akacheka kidogo.

"Sijasema mgonjwa," mwenzangu akajibu. "Mimi nilipanguza na pamba kavu na hiyo mafuta haitoki na pamba kavu. Hilo ni langu. Lakini pia daktari akisema mashine haina nguvu, tungesimama kwanza tuangalie bamba. Sisi tuliongeza tu."

Hiyo "sisi" ndiyo iliyoniwasha. Niliona anataka kunizamisha naye. Nikaeleza habari ya kabati, nikaeleza na zile safari zake za wodini, na nilipomaliza hakuna aliyecheka tena. Mkataba wake haukuongezwa. Siku ya kuondoka alinipa mkono akanitakia kazi njema, na mimi jioni nzima nikawa najiuliza alikuwa na maana gani.

Miezi miwili hivi baadaye, Jumanne, tulimpokea mzee mmoja, mfanyakazi wa shamba la ngano huko huko Timau, wa kufanyiwa upasuaji wa henia. Aliniita daktari na sikumsahihisha. Miguu yake ilikuwa inang'aa, nami nikamtania kwamba mke wake anamtunza kama bwana harusi. Nilimpanguza paja kwa pamba kavu, nikabandika bamba kwa mikono yangu, nikalikandamiza kwa kiganja. Kazi ikaanza.

"Ongeza kidogo," daktari akasema.

Nikaongeza. Aliposema mara ya pili, mkono wangu ulisita juu ya kile kitufe. Nilikumbuka maneno ya kikao, kila neno. Nikaongeza.

Bamba lilitoka lenyewe nilipoligusa. Glavu yangu ikateleza, na harufu ya yale mafuta ikanijia kupitia barakoa. Kidonda kilikuwa kikubwa kuliko cha yule mama. Daktari alikipaka dawa, akaniambia nikimrudisha mgonjwa nimweleze nesi wa wodi ili kiwe kinasafishwa. Nilimsukuma mzee mpaka wodini, njiani akaniuliza nami nikamwambia kila kitu kiko sawa, nikamkabidhi faili nesi, na kuhusu kidonda sikusema lolote, kwa sababu swali la kwanza lingekuwa ni nani aliyebandika. Nilijiambia atakiona mwenyewe akimgeuza.

Katika maelezo yangu nililaumu waya wa mashine. Niliuchunguza kweli, nikaukunja na kuukunjua nikitafuta ufa. Waya ulikuwa mzima. Nikamshuku aliyeleta boksi la bamba, nikamshuku mhudumu wa muda aliyeazimwa kushika nafasi ya yule wa Embu. Alhamisi jioni, nyumbani, nilikuwa najipaka miguu kabla ya kupika. Nikapanguza paja langu kwa kitambaa kikavu, nikalifuta na kulifuta, nikabandika plasta ya kidonda. Nilitembea hatua chache mpaka jikoni na plasta ikaanguka. Nikarudia mara tatu, mume wangu akiniangalia. Mwishowe nikaosha kwa sabuni na maji ya moto, nikakausha, nikabandika nyingine. Hiyo ilishika mpaka ikaning'oa vinyweleo.

Nililia huku ugali ukiungua.

Ijumaa nilimpelekea sista maelezo mengine. Niliandika kuhusu kabati, kuhusu bamba nililolitupa, na kwamba mwenzangu alikuwa amesema kweli mbele yetu tukamcheka. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akasema kuanzia Jumatatu kila mgonjwa ataulizwa amejipaka nini, paja litaoshwa kwa sabuni na kukaushwa, na daktari akitaka nguvu iongezwe, bamba litakaguliwa kwanza. Akaongeza kwamba nafasi bado ipo, nimwambie yule mtu arudi. Nikiwa mlangoni akaniuliza, "Na wodi wanajua kuhusu mguu wa huyo mzee?" Nikajibu wanajua. Nilikuwa na hakika wameshaona.

Jumamosi alfajiri nilishika njia ya Kianjokoma. Nilimkuta shambani anachuma chai, kikapu mgongoni. Alinikaribisha kama jirani aliyepita kusalimia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kati ya mistari ya michai, viatu vyangu vya kanisani vimeloa. Nilitaka anifokee. Nilikuwa hata nimejiandalia majibu.

"Sista anasema urudi," nikamalizia.

"Asante, mama. Nitaongea na bibi." Akachuma kidogo. "Na huyo mzee, kidonda imefika wapi?"

"Sijui."

"Hujaenda kumwona?"

"Bado. Nilikuwa na hayo maelezo ya kuandika, halafu nikasema nije kwako kwanza."

Aliteremsha kikapu, akakaa kwenye ukingo wa shamba. "Mimi nilikuwa naenda kuona mguu ya yule mama. Sikuwa natafuta habari ya mafuta, hiyo walinipea tu tukiongea." Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hata yeye hukasirika. "Wewe bado unatafuta mwenye makosa. Saa hii umejipata wewe, lakini ni kazi ile ile."

Sikungoja hata chai aliyonikaribisha.

Nilifika Meru mchana, nikaenda moja kwa moja wodini na viatu vyangu vya matope. Kwenye kitanda cha mzee alikuwa amelala kijana aliyevunjika mguu. Nesi akaniambia mzee ameruhusiwa asubuhi, amechukuliwa na mke wake, wameshafika Timau saa hizi. Nikamuuliza ameandikiwa kurudi lini kusafishwa kidonda.

"Mshono umekauka vizuri," akasema. "Atatolewa nyuzi kwenye zahanati ya huko kwao."

"Si mshono. Ule wa pajani."

Akafungua kitabu chake, akapitisha kidole kwenye mstari wa mzee mpaka mwisho, akainua macho.

"Alikuwa anachechemea," akasema. "Nilimuuliza, akaniambia daktari wa kike alimwambia kila kitu kiko sawa. Kwani ana kidonda kingine?"