Kikanyagio cha Mama Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya kompyuta mjini Shinyanga, niliharibu kibodi ya Mkuu wa Kitengo bila kuigusa. Nilitaka kumwonyesha kwamba naweza kupanga upya vitufe saidizi, yaani vile ambavyo vyenyewe havichapi kitu bali hubadilisha kazi ya vingine, kama Shift na Kontrol. Kompyuta huviorodhesha kwenye jedwali la safu nane. Mimi nikaandika jedwali jipya lenye kitufe changu kimoja tu, nikalipeleka kwenye kompyuta yake, na vingine vyote vikafutika. Mzee alichapa jina lake, likatoka kwa herufi ndogo tupu.

"Ukikaribishwa nyumba ya watu, huanzi kwa kuwatoa wenyeji," aliniambia. "Soma jedwali lililopo. Ongeza chako. Ndipo uandike."

Basi nikajifunza amri hizo tatu za programu kwa mpangilio huo, pamoja na ya nne, ya kurudisha kumbukumbu uliyoiazima kwenye mashine. Ilinitosha kwa miaka mingi, mpaka nilipohamishiwa upande wa Geita, kwenye maabara ya sampuli za mawe.

Karani wa sampuli alikuwa Mama Kabula, mwenyeji wa Ushirombo. Pikipiki ilimwangusha akitokea Buseresere, mkono wake wa kushoto ukabaki umelala. Lebo za sampuli zilichanganya herufi kubwa, ndogo na alama, na nyingi zilitaka Shift ishikwe huku kitufe kingine kikibonyezwa. Kwa mkono mmoja alipata hiki akakosa kile.

Mkuu wa Maabara alikuwa mtu wa haki, ila mkavu. "Lebo zikichanganyika, watu watachimba pasipo na dhahabu," alisema. "Nitakuja Ijumaa. Akiwa bado anakosea, apumzike nyumbani moja kwa moja."

Mama Kabula alinifuata baadaye. "Baba, kazi hii naipenda. Nikikaa nyumbani nitakuwa wa kulishwa kama mtoto."

Nilichukua kibodi chakavu, nikachagua kitufe ambacho hakuna aliyekitumia, nikakiunganisha kwa waya na kikanyagio cha cherehani ya umeme. Programu yangu ilikuwa fupi: kila kompyuta inapowashwa, isome jedwali, iongeze namba ya kikanyagio kwenye safu ya Shift, iandike. Alhamisi tulijaribu mara nyingi, mguu ukishika Shift na mkono ukichapa. Mama Kabula alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Ijumaa Mkuu aliingia na karatasi mkononi wakati kompyuta ikianza kuwaka. Mama akakanyaga, akachapa. Herufi ndogo tupu. Niliona haya kuliko siku ile ya Shinyanga.

"Jumatatu," alisema Mkuu. "Nafasi ya mwisho."

Nilifungua rekodi ya majibu ambayo programu ilipewa. Kompyuta haikusema imekataa, ilijibu kwamba ina shughuli. Jibu hilo hutolewa pale kitufe saidizi kinachohusika kikiwa bado kimebonyezwa. Lakini nani alikuwa amebonyeza?

"Mama, hebu rudia yote uliyofanya Mkuu alipoingia."

Alisimama, akapiga goti kidogo, kama wanawake wa kwetu wanavyowaamkia wakubwa. Mkono wa kushoto haukuweza kumshikilia, hivyo aliegemeza kiganja cha kulia mezani, juu ya pembe ya kibodi, pale pale penye Shift. "Shikamoo, baba," alisema, akabaki ameinama.

"Mbona huinuki?"

"Hajaitikia bado."

Ni kweli. Mkuu alikuwa na desturi ya kumaliza kusoma karatasi yake kabla ya kuitikia. Ningeweza kumwambia Mama asiiname, lakini nani angemwambia hivyo mtu mzima aliyelelewa vizuri? Niliongeza mstari mmoja: ukijibiwa kuna shughuli, subiri sekunde moja, kisha omba tena, mpaka mkono uachie.

Jumatatu Mkuu aliingia na karatasi yake, kompyuta ikianza kuwaka. Mama akainama. Mkuu akasoma ukurasa wote, nami nikihesabu sekunde.

"Marahaba," alisema hatimaye.

Mama akainuka, akaketi, akakanyaga. Lebo ya kwanza ikatoka sawasawa, ya pili, ya kumi. Mkuu alivua miwani. "Mguu huu una mwandiko mzuri kuliko wangu. Endelea na kazi, mama."

"Wabeja, baba," alishukuru kwa Kisukuma.

Sasa nimestaafu, nalima mpunga na sina manung'uniko. Juzi alinipigia fundi anayeshika nafasi yangu, binti makini.

"Shikamoo, mzee. Nasafisha programu za zamani. Huu mstari wa kusubiri nimeuona hauna maana, naomba niufute."

"Marahaba. Mama Kabula bado anainama?"

"Hapana. Siku hizi ndiye mkubwa ofisini, sisi wote tunamwamkia yeye."

"Na anaitikiaje?"

"Anaegemeza kiganja mezani, penye pembe ya kibodi, anatuuliza habari za nyumbani, mmoja mmoja, mpaka atumalize."

"Basi mstari huo uache ulipo," nilimwambia.