Naogopa Kumnyonyesha Mtoto Ninayemtarajia

Admin, nifichie jina, maana hapa Kasulu mjini hata mbuzi wanajulikana ni wa nani. Mimi ni mwanamke wa miaka 28, fundi cherehani, nimeolewa, nina mimba ya miezi saba. Ni ya tatu. Mtoto wa kubeba sina.

Mume wangu ananunua maharage Manyovu na kuyauza huku. Babu zake na babu zangu walikimbia Burundi wakitokea mlima mmoja, na kwetu hiyo ni sifa kubwa. Siku ya harusi wazee walicheza mpaka vumbi likatimka, wanasema damu imerudi nyumbani. Undugu wa karibu hatuna, msije mkanisema bure.

Mtoto wa kwanza alizaliwa mzuri, analia kwa nguvu. Baada ya siku chache akaanza kutapika kila akinyonya, macho yakawa ya njano, tumbo likajaa. Hakumaliza mwezi. Watu wakasema ni mchango, ule ugonjwa wa tumbo wa watoto wachanga. Wa pili akaanza vilevile. Hospitali wakasema asinyonye kwanza, wakamtundikia dripu, na jamani, akachangamka! Mama mkwe akafurahi, akaniambia, "Mwanangu, sasa mpe ziwa apate nguvu." Nikampa. Nikampa kwelikweli, kila akitapika namrudishia. Tukamzika Kumsenga, kijijini kwao mume wangu, pembeni ya dada yake.

Mimba hii ilipoingia nilikwenda kwa dada yangu Mwanza, akanipeleka kwa daktari. Yule daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mimi na mume wangu tuna asili moja. Nikamwambia habari za mlima. Akasema kuna ugonjwa wa kurithi, mtoto anazaliwa mwili wake hauwezi sukari iliyomo kwenye maziwa, hata ya mama yake. Baba na mama wanaubeba wote wawili bila kuumwa, na kila mimba inaweza kuupata au kuukosa. "Siwezi kukuapia bila kipimo, mama, ila ndicho ninachohisi." Maziwa yangu mimi!

Kipimo kipo. Wanachukua maji ya mimba, yanapelekwa nje ya nchi. Lakini kwanza wanataka damu ya baba na ya mama ili wajue wanatafuta nini, kwa kuwa ya watoto wetu hakuna aliyeiweka. Yangu nilikuwa tayari kuitoa. Mume wangu akakataa katakata. "Mimi mzima, wewe mzima, ugonjwa utoke wapi? Nikitoa damu si nimekubali kwamba ukoo wetu mbovu? Wazee nitawaambia nini?" Nimembembeleza, nimemlilia, nimemnunia. Mchungaji akasema tuombe. Tumeomba. Juzi daktari ameniambia kwenye simu kwamba muda umeshapita, majibu yangekuja mtoto keshazaliwa.

Amenishauri nisimnyonyeshe kabisa tangu anapozaliwa, nimpe maziwa ya kopo ya soya, apimwe damu, tusubiri majibu. Dada amenitumia makopo kwa basi, nimeyaficha chini ya vitambaa vya wateja. Lakini mtoto anaweza kuwa mzima huyu! Nimnyime haki yake bure? Na mnajua maneno ya watu, mwanamke asiyenyonyesha ataambiwa ana virusi, na mimi niliyezika wawili nitaambiwa nakula watoto wangu.

Mama mkwe ndiye atakayelala nami chumba kimoja, ndiye atakayemweka mtoto kifuani kwa mikono yake, kama alivyofanya kwa wale wawili. Si mtu mbaya, ananipenda mno. Nilijaribu kumweleza, akanishika mkono akasema, "Maziwa ya mama yamuue mtoto? Huzuni imekuzidi, mwanangu." Ameshakuja na unga wa ulezi wa kuongeza maziwa. Ananikorogea uji asubuhi na jioni, nanywa, nitasemaje?

Jana nimesimama kwenye cherehani nikaona blauzi imelowa kifuani. Maziwa yameanza. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kunipongeza, nikacheka nao, kisha nikaingia ndani nikalia kwenye mto.

Wenzangu, hasa mliozaa, msinitukane, nimechoka. Niambieni tu, mtoto huyu akililia ziwa, nimpe au nimnyime?